Wiki moja na Mackintosh: kutoka Townhead mpaka Northampton

Jumamosi

Nimefika Glasgow jioni, mvua nyembamba inanyesha na hakuna aliyefungua mwavuli. Mjomba amenipokea stesheni, amevaa koti lililomzidi mabega.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Eti umekuja kuangalia majumba. Kwenu Unguja majumba yameisha?"

Hayajaisha, ndiyo maana nimekuja. Kazi yangu ni kusimamia ukarabati wa nyumba za Mji Mkongwe, na tangu 2019 nimekuwa nikitafuta nafasi ya kuona kwa macho yangu nyumba moja ya hapa Uskoti ambayo kuta zake zimekuwa zikinywa maji tangu ijengwe. Msanifu wake ni Charles Rennie Mackintosh. Kabla ya kwenda kumhukumu kwa ukuta mmoja, nimeona nimfuate tangu mwanzo, mtaa kwa mtaa.

Jumapili

Townhead, karibu na kanisa kuu la kale na hospitali kubwa ya Royal. Mackintosh alizaliwa hapa, Parson Street, tarehe 7 Juni 1868, mtoto wa nne kati ya kumi na mmoja. Baba yake alikuwa karani wa polisi. Nyumba hazipo tena. Barabara kuu imepita na kukata mtaa vipande viwili. Ila kwenye mtaa huohuo wa Parson imesimama Martyrs' School, skuli ya mawe ya mchanga mwekundu aliyoichora mwenyewe na kujengwa kati ya 1895 na 1898. Ni watu wachache wanaopata kuchora skuli kwenye mtaa waliozaliwa. Yeye alipata, lakini jina lililoandikwa kwenye michoro lilikuwa la kampuni: Honeyman na Keppie. Alikuwa mwajiriwa.

Safari yake ya kazi ilianza kama ya mafundi wengi. 1884, akiwa na miaka kumi na sita, akawa mwanafunzi wa msanifu John Hutchison. Mchana anachora ofisini, usiku anasoma kwenye Skuli ya Sanaa ya Glasgow. 1889 akahamia kwa Honeyman na Keppie. Mwaka uliofuata akashinda ruzuku ya safari yenye jina la Alexander Thomson, msanifu mkubwa wa mji huu wa kizazi kilichotangulia, na 1891 akaenda Italia kuchora makanisa. Alikuwa na mguu mmoja wenye hitilafu, akichechemea, na hiyo haikumzuia kupanda.

Mchana nimeteremka mjini mpaka Mitchell Lane, kichochoro chembamba ambacho jua halifiki chini. Juu ya pembe yake umesimama mnara wa jengo lililokuwa la gazeti la Glasgow Herald, lililokamilika 1895. Mnara ule haukujengwa kwa mapambo tu: ndani yake palikuwa na tangi kubwa la maji ya kuzimia moto. Karatasi, wino, taa za gesi, kila mwenye gazeti alijua hatari yake. Nimelitazama hilo tangi la kufikirika kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama mapambo, kwa sababu najua kesho naenda wapi.

Jumatatu

Renfrew Street iko juu ya kilima kikali. Unapanda kutoka Sauchiehall Street huku magoti yanalalamika, halafu unakutana na kiunzi na turubai. Hiyo ndiyo Skuli ya Sanaa ya Glasgow, jengo lililompa Mackintosh jina duniani. Sikuona jiwe. Niliona mabomba ya chuma.

Nilikuwa najua, kwa hiyo nimebeba nakala za michoro na nimekaa kwenye ngazi za jengo la mkabala, lililochorwa na msanifu Steven Holl na kufunguliwa 2014, nikaisoma skuli kwa karatasi.

Mashindano ya kuichora skuli yalifanyika 1896. Mkuu wa skuli, Francis Newbery, alikuwa amemfundisha Mackintosh na alijua kijana huyo ana nini mkononi. Bajeti ilikuwa ndogo, pauni 14,000, na wadhamini walitaka jengo la kawaida lisilo na mbwembwe. Pesa zilipoishia ndipo ujenzi uliposimama: upande wa mashariki na mlango wa katikati vilijengwa 1897 mpaka 1899, halafu ukimya wa miaka, kisha upande wa magharibi 1907 mpaka 1909. Sisi wa ukarabati tumezoea majengo ya namna hii, nusu ya baba, nusu ya mwana. Hapa baba na mwana ni mtu mmoja aliyekua katikati ya kazi. Upande wa mashariki bado unasalimiana na ngome za kale za Uskoti. Wa magharibi una madirisha marefu yanayopanda ukuta mpaka juu kabisa, na ukiuangalia hujui tena uko karne gani.

Madirisha makubwa ya studio yanatazama kaskazini ili mchoraji apate mwanga usiobadilika, bila jua kuingia. Hapa ni akili. Kwetu Unguja dirisha la kaskazini lingekuletea jua usoni zaidi ya nusu ya mwaka, maana tuko kusini ya ikweta. Mbele ya vioo aliweka vyuma vilivyopinda na kuchanua vichwani kama mapambo, kumbe kazi yake ni kuegemeza ubao wa mtu wa kusafisha madirisha. Hapo ndipo nilipompenda. Msanifu anayemfikiria mtu wa ndoo na kitambaa ni nadra mpaka leo.

Tarehe 23 Mei 2014 moto ulianzia chini, kwenye kazi ya mwanafunzi iliyotumia povu la kupulizia. Gesi yake iliwaka ilipogusana na projekta yenye joto. Mashimo ya kupitishia hewa, aliyoyapanga Mackintosh ili wanafunzi wapate joto na hewa safi, yakaupandisha moto ghorofa hadi ghorofa. Maktaba, chumba kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya, ikateketea. Wakaanza kuirudisha, ubao kwa ubao. Tarehe 15 Juni 2018, kazi ikiwa imeenda mbali sana, moto wa pili ukamaliza karibu kila kitu kilichobaki. Mfumo mpya wa kuzimia moto ulikuwa haujaanza kufanya kazi. Ripoti ya zimamoto iliyotoka 2022 haikuweza kusema chanzo, kwa sababu ushahidi nao uliungua.

Mjomba alinikuta pale ngazini na chupa ya chai. Nikamwambia kwamba jengo linakuwa dhaifu zaidi wakati linapokarabatiwa kuliko linapoachwa: dari wazi, sakafu wazi, nyaya za muda, wakandarasi wanaoingia na kutoka. Akanyamaza, kisha akasema, "Kama Beit al-Ajaib." Ndiyo, kama Beit al-Ajaib, jumba letu la Mji Mkongwe, iliyosimama tangu 1883 na ikaporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa ndani. Watu wawili walifariki. Hatukuzungumza tena mpaka tulipofika chini ya kilima.

Jumanne

Leo chai. Namba 217 Sauchiehall Street, mkahawa wa Willow, uliofunguliwa 1903.

Mwenye mkahawa alikuwa mwanamke, Kate Cranston, binti wa ukoo wa biashara ya hoteli na chai. Mji ulikuwa umelewa. Harakati za kupinga ulevi zilikuwa na nguvu, na watu wa ofisini, hasa wanawake, hawakuwa na mahali pa heshima pa kukaa mjini. Bi Cranston akawapa chai, mikate, meza safi, na chumba kimoja kizuri cha kujionyesha. Alimpa Mackintosh kazi kwa zaidi ya miaka ishirini: michoro ya ukutani Buchanan Street, samani Argyle Street, vyumba vya Ingram Street, halafu jengo zima hapa, kuanzia uso wa mbele mpaka vijiko. Hata nyumba yake mwenyewe alimpa aipambe.

Juu kuna chumba chenye viti vya rangi ya fedha na zambarau, na vioo vinavyozunguka ukuta. Kimerudishwa kilivyokuwa, na mkahawa ulifunguliwa tena 2018. Nimekaa. Kiti chenye mgongo mrefu, ambacho dunia nzima inakijua kwa picha, hakikai vizuri. Nasema ukweli. Kinakunyoosha mgongo kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wake. Lakini kukiwa na viti vinne kuzunguka meza moja, migongo ile inafanya chumba kidogo ndani ya chumba kikubwa, na unaweza kusema siri ukiwa katikati ya watu mia. Nimefahamu hilo baada ya kukalia tu, picha haikuniambia.

Mjomba alikula keki mbili na kuuliza kama huyu bwana aliwahi kupata kazi kwa mtu asiyempenda. Swali zuri. Nimelichukua kulala nalo.

Jumatano

Treni ya Helensburgh inafuata mto Clyde, unapita mwamba wa Dumbarton, halafu maji yanapanuka na kuwa bahari. Kutoka stesheni ni kupanda tu. Mvua ya leo si ya utani.

Ukifika juu hauoni nyumba. Unaona banda kubwa la chuma lenye kuta za wavu wa pete ndogondogo, zaidi ya milioni 30, lililochorwa na kampuni ya Carmody Groarke na kufunguliwa 2019. Ndani yake ndiyo imo Hill House, imefunikwa kama chakula chini ya kawa. Upepo unapita kwenye wavu, mvua nyingi inabaki nje, na kuta zinapata nafasi ya kukauka taratibu. Itachukua miaka. Wageni wanapanda ngazi na kutembea juu ya paa la nyumba, kitu ambacho hata Mackintosh hakupata kukifanya kwa raha namna hii, nadhani.

Walter Blackie alikuwa mchapishaji wa vitabu. 1902 alitaka nyumba ya familia juu ya kilima hiki, na alisema mapema asichotaka: hakutaka matofali wala vigae vyekundu. Alitaka kuta za kijivu zilizopigwa lipu na paa la mawe ya bamba. Mackintosh akafanya jambo ambalo wasanifu wetu wangefaa kuliiga: alikwenda kukaa na familia ile kwenye nyumba yao ya zamani, akaangalia wanavyoishi, nani anaamka saa ngapi, watoto wanacheza wapi, baba anasomea wapi. Akachora ndani kwanza. Nje akakuacha kufuate ndani. Maktaba iko karibu na mlango kwa sababu Blackie alikuwa akileta kazi nyumbani, na watu wa kazi hawakuwa na haja ya kupita sebuleni kwa watoto. 1904, akikabidhi, Mackintosh alimwambia kwamba hii haikuwa jumba la Kiitaliano, wala la Kiingereza, wala ngome ya Kiskoti. Ilikuwa nyumba ya kuishi.

Na ndani watu waliishi. Ukumbi ni wa mbao nyeusi, unaingia na macho yanahitaji dakika. Kisha unafungua mlango wa sebule na weupe unakupiga: dirisha pana lenye kiti chake cha kujengea, waridi zilizochorwa ukutani, na juu ya tanuri la moto kazi ya chokaa ya jasi ya mkewe, Margaret Macdonald. Chumba cha kulala ni cheupe mpaka kwenye makabati.

Sasa ukuta. Uskoti ina desturi yake ya kale ya lipu: chokaa na changarawe, vinarushwa ukutani kwa mwiko na kuachwa vikwaruze. Chokaa ile inanyonya mvua na kuitoa jua likitoka. Mackintosh alitaka uso laini, usio na mstari, kana kwamba nyumba imechongwa kwa kipande kimoja. Akachagua saruji ya Portland, iliyokuwa mpya na ya kisasa, na kwenye vichwa vya kuta akaondoa yale mawe ya kofia yanayotupa maji mbali. Saruji ni ngumu, nyumba inatikisika kidogo kwa joto na baridi, lipu inapata nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia kwa nyufa zile. Kutoka hayawezi. Kwa zaidi ya miaka mia yamekaa ndani ya mawe, yanapanda, yanashuka, yanaozesha mbao na kubabua rangi.

Nimesimama kwenye daraja la chuma, nikaweka kiganja kwenye ukuta, na nikajiona Shangani. Ni ugonjwa uleule. Babu zetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa iliyochomwa kwenye tanuri la magogo, ukuta wa dhiraa moja na nusu unaopumua. Kisha tukaja sisi na mfuko wa saruji, kwa sababu inakauka upesi na fundi anataka kwenda nyumba nyingine. Mwaka wa kwanza ukuta unang'aa. Mwaka wa tatu lipu inaanguka kwa vipande vikubwa vikiwa vimekamata chumvi nyuma yake, na mwenye nyumba anakuja kukulaumu wewe. Tofauti ni kwamba Mackintosh hakuwa na haraka. Alikuwa na picha kichwani, na akaipenda picha kuliko maji.

Mlinzi mmoja, mzee mwenye maneno machache, alinieleza kwamba wanapima unyevu wa kuta kabla ya kuamua lipu gani irudi. Hapo pana mgogoro halali: ukirudisha chokaa unaokoa nyumba lakini unamsahihisha msanifu, ukirudisha saruji unamheshimu na kuiua nyumba yake. Mimi kura yangu ni chokaa, bila kusita. Mchoro wake upo kwenye karatasi na hautapotea.

Alhamisi

Siku ya kuzunguka. Asubuhi Scotland Street School, kwa nje tu: minara miwili ya ngazi iliyojaa vioo, 1903 mpaka 1906, skuli ya watoto 1,250. Aligombana na bodi ya skuli kuhusu gharama mpaka wakachokana. Barabara kuu ilipobomoa mitaa ya jirani wanafunzi wakapungua; ilipofungwa 1979 walikuwa chini ya 100. Bustani ya Bellahouston kuna nyumba aliyoichora 1901 kwa mashindano ya jarida la Kijerumani. Alikosa kushindanishwa kwa kuwa michoro ya ndani ilikuwa pungufu, akapewa zawadi ya pembeni, na nyumba yenyewe ikaja kujengwa kati ya 1989 na 1996, yeye hayupo. Sikukaa. Nyumba iliyojengwa bila mwenyewe kuikagua hainisemeshi, ingawa mjomba ameipenda kuliko zote.

Mchana, chuo kikuu. Nyumba ya Mackintosh na Margaret, walipoishi kuanzia 1906 hadi 1914, ilibomolewa 1963. Kabla ya hapo walitoa milango, tanuri, samani, na 1981 vyumba vikafunguliwa upya ndani ya ukuta wa zege wa jumba la sanaa la Hunterian, hatua chache kutoka pale pa asili, vikitazama upande uleule ili mwanga uingie kama zamani. Mlango wa mbele unaning'inia ukutani juu ya vichwa vya wapita njia, hauna ngazi. Wanafunzi wanapita chini yake bila kuinua macho.

Ndani nimeelewa Margaret ni nani. Mackintosh alimwandikia mwaka 1927 kwamba katika kazi zake zote za usanifu yeye mkewe alikuwa nusu, kama si robo tatu. Vienna, kwenye maonyesho ya 1900, walipokelewa pamoja kama wafalme. Glasgow haikuwafanyia hivyo.

Hapa nimemjibu mjomba swali lake la Jumanne. Hapana, karibu hakuna. Ukihesabu watu waliompa Mackintosh kazi ya maana kwa kumwamini, ni wachache mno: Newbery wa skuli, Bi Cranston, Blackie, na mmoja nitakayemwendea kesho. Mashindano ya kanisa kuu la Liverpool alishindwa mwaka 1903. Akapewa Giles Gilbert Scott, kijana wa miaka 22. Msanifu wa kawaida anaishi kwa wateja wasiomjali sana: ghala, duka, nyumba ya kupangisha. Yeye hakuweza kumpa mtu kitu nusu, na watu wengi wanataka kitu nusu, kwa bei ya nusu. Wale waliomwamini walipokwisha kujenga, hakukuwa na foleni nyuma yao. 1913 aliachana na kampuni, akiwa na miaka 45, anakunywa, amechoka. Mwaka uliofuata wakaondoka Glasgow na hawakurudi kuishi.

Mjomba anasema benki moja ya hapa, Clydesdale, ilitoa noti ya pauni 100 yenye picha yake mwaka 2009. Margaret alipofariki 1933, miaka minne baada ya mumewe, mali zote walizoacha zilithaminiwa pauni 88 na senti kidogo.

Ijumaa

Nimeagana na mjomba alfajiri. Amenipa mkoba wa biskuti za shayiri kwa mama. Treni ya kusini, nabadilisha njiani, mchana niko Northampton.

Kabla ya Northampton palikuwa na Walberswick, kijiji cha pwani ya Suffolk, 1914. Mackintosh alikwenda kupumzika na kuchora maua. Vita vikaanza. Mgeni mwenye lafudhi ya Glasgow, anatembea pwani usiku, na nyumbani ana barua kutoka Vienna: wanakijiji wakamshuku ujasusi. Wakahamia London, Chelsea, 1915, na kuishi kwa kubuni vitambaa.

Namba 78 Derngate ni nyumba nyembamba ya safu, nimeipita mara mbili bila kuijua. Mwaka 1916 W. J. Bassett-Lowke, mtengenezaji wa treni na meli ndogo za mfano, aliinunua kabla ya ndoa yake na kumwita Mackintosh aigeuze. Ukumbi ni mweusi kuanzia chini hadi juu, na pembetatu za manjano zinapanda ukutani. Chumba cha wageni kina milia nyeusi na nyeupe inayotoka ukutani nyuma ya vitanda na kupanda darini. Inasimuliwa kwamba mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw alilala humo, na mwenyeji alipoonyesha wasiwasi kuhusu milia, Shaw akajibu kwamba yeye hulala akiwa amefumba macho.

Nyuma kuna roshani mbili za zege, moja juu ya nyingine, nyeupe, bila urembo. Nimezitazama kuliko ukumbi. Hapa hakuna waridi tena wala mstari uliopinda. Mtu huyu alikuwa anaanza upya, akiwa na miaka karibu hamsini, kwenye nyumba ya upana wa chumba kimoja.

1923 yeye na Margaret walihamia kusini mwa Ufaransa, Port-Vendres mwishowe, maisha yalikuwa nafuu huko. Akachora bandari, miamba na ngome kwa rangi za maji. Hakuchora jengo la kujengwa. 1927 maradhi ya saratani yakamrudisha London, na tarehe 10 Desemba 1928 akafariki.

Nimemuuliza mama anayetunza mlango hapa Derngate kama Bassett-Lowke hakumpa kazi nyingine baada ya hii. Alitaka, amenijibu. Alikuja kujenga nyumba mpya kabisa, kwenye barabara ya Wellingborough, iliyokamilika 1926, moja ya nyumba za kwanza za kisasa Uingereza. Ila kufikia hapo alikuwa amepoteza mawasiliano na Mackintosh na hakujua ampate wapi. Kazi akampa Peter Behrens, msanifu wa Ujerumani.